Shajara ya kujishonea mavazi ya ngoma: Walukuba, Jinja

Shajara hii inaandikwa ili kikundi kingine chochote kinachotaka kujishonea mavazi ya ngoma kiweze kufuata kazi yetu bila kulipia upya hasara ambazo sisi tumekwisha kuzilipia. Sisi ni marafiki wa mtaa wa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, na tunacheza ngoma katika harusi na kwanjula, yaani sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa bibi harusi. Wanawake sita hucheza Bakisimba ya Waganda, na wanaume sita hufunga miguuni misewe, yaani manyanga yanayolia kwa kila hatua, kwa ajili ya Runyege ya Wanyoro na Watooro. Hatua za kawaida, ambazo fundi yeyote wa jirani anaweza kuzionyesha kwa muda mfupi, zimeandikwa kwa ufupi. Nafasi kubwa tumeiachia mahali ambapo kitambaa kilichanika, uzi ulikatika au fedha zilipotea.

Jumamosi, 8 Februari 2025: Cherehani

Hadi sasa tulikuwa tukikodi mavazi. Seti moja hukodishwa kwa shilingi 15,000 kwa siku, kwa hiyo watu kumi na wawili hugharimu 180,000 kabla ya nauli, na mwenye sherehe anapochelewesha malipo, deni la mavazi hubaki shingoni mwetu. Isitoshe, mavazi ya kukodi hushonwa yamfae kila mtu, na matokeo yake hayamkai mtu yeyote: mwembamba huyakunja kwa pini, na mnene hucheza huku akiomba Mungu mshono usiachie.

Tumenunua cherehani ya kukanyaga iliyotumika kwa 380,000, kisha tukalipa 25,000 kwa mkanda mpya wa ngozi na kusafishwa. Ya umeme tuliiacha kwa sababu umeme hukatika bila taarifa, na kwa sababu cherehani ya kukanyaga hutoboa khaki iliyokunjwa mara nne bila kusita. Upungufu wake ni kwamba hushona mstari ulionyooka tu, haina zigizagi. Anayetaka kutuiga aupime upungufu huo vizuri kabla ya kununua.

Jumamosi, 1 Machi 2025: Mazoezi kwenye marekani

Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitambaa cha thamani. Tulianza kwa kushona bila uzi juu ya karatasi za mifuko ya saruji zilizochorwa mistari, ili miguu izoee mwendo, kisha tukahamia kwenye marekani, mita kumi na mbili kwa 4,500 kila mita. Karatasi hizo za saruji zitunzwe: ni ngumu, hazichaniki ovyo, na ndizo tunazokatia vielelezo vya mavazi hadi leo.

Tatizo lililotusumbua zaidi lilikuwa uzi kujisokota chini ya kitambaa hadi cherehani inakwama. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na wengi walilaumu bobini. Baada ya kubadilisha kitu kimoja kimoja, tulipata sababu tatu, wala hakuna hata moja iliyokuwa katika bobini. Kwanza, gurudumu lilikuwa likianza kuzunguka kinyume kila mguu ulipokanyaga kwa haraka; sasa hulianzisha kwa mkono, likizunguka kumwelekea mshonaji, ndipo miguu ifuate. Pili, uzi wa juu ulipitishwa wakati mguu wa kukandamizia ukiwa umeshushwa, hivyo haukuingia kati ya visahani vinavyoukaza. Tatu, ncha za nyuzi zote mbili hazikushikwa nyuma wakati wa kuanza mshono. Tangu tuliposahihisha hayo, bobini ileile iliyolaumiwa haijasumbua.

Mkasi, futi, chaki, nyuzi na sindano, zikiwemo zilizovunjika baadaye, vimegharimu 62,000 kwa jumla.

Jumamosi, 22 Machi 2025: Kaptula za Runyege

Tulianza na kaptula tukiamini kwamba ndizo rahisi. Tulinunua khaki kwa 9,000 kila mita, tukapima viuno, nyonga na mapaja, tukakata zote sita kwa pamoja na kuzishona. Zilipendeza sana zikiwa zimetundikwa ukutani. Katika mazoezi ya jioni, kabla ngoma haijapamba moto, mishono ya msamba ilianza kuachia, mmoja baada ya mwingine, na wapiga ngoma walicheka hadi wakapoteza mapigo.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kukata kaptula moja pana zaidi, nalo lilikula mita moja na nusu ya khaki. Haikuchanika, lakini ilipwaya kama gunia, na upindo wake ulishuka ukagusa misewe. Katika Runyege, hilo ni kosa lisilovumilika. Misewe, ambayo wenyewe huiita *ebinyege*, hufungwa kwenye miundi ya wachezaji wa kiume, na sauti yake ni sehemu ya muziki wenyewe. Kitambaa kinapoigusa, mlio hufifia na mchezaji huonekana kana kwamba amechelewa hata kama miguu yake iko sawa. Tangu hapo tukakubaliana kwamba upindo wa kaptula uishie juu ya goti, na usishuke hata mchezaji anapokunja magoti.

Jaribio la pili lilikuwa kushona msamba mara mbili kwa uzi wa poliesta badala ya pamba. Safari hii uzi ulistahimili, lakini khaki yenyewe ilichanika kando ya mshono. Kwa hasara ya kaptula moja zaidi tulielewa kwamba uzi haukuwa na hatia: kitambaa kilikuwa kifupi mahali pale, na nguvu iliyozuiwa na uzi ilihamia kwenye nyuzi za khaki.

Aliyetuonyesha njia ni Hajati mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ameshona kanzu tangu ujana wake. Alizigeuza zile kaptula nje ndani, akauliza, "Wanangu, huyu mlimpima amesimama?" Tukajibu ndiyo. "Na atacheza amesimama?" Akamwita mmoja wa vijana, akamwambia achuchumae, akazungusha futi kwenye nyonga zake, kisha akatuachia tusome wenyewe. Tulipowapima wote kwa namna hiyo, nyonga ziliongezeka kati ya sentimita tano na tisa, na urefu wa nyuma, kutoka kiunoni kupita chini hadi msamba, uliongezeka zaidi ya tulivyotarajia, huku urefu wa mbele ukipungua. Mwili ukichuchumaa hubadilisha umbo. Haunenepi tu pande zote kwa usawa, na kwa hiyo kupanua kaptula nzima hakukuwa dawa.

Dawa aliyotupa ni kikwapa, kile kipande kidogo ambacho mafundi wa kanzu hutia chini ya kwapa ili mkono uinuke bila kuvuta vazi zima. Sisi tulikitia msambani. Hukatwa kwa umbo la uru wa karata, pembe hadi pembe sentimita 20 kwa 12, urefu wake ukielekea miguuni na upana wake ukitoka mbele kwenda nyuma. Kikatwe mshazari, kwa kuwa kitambaa kilichofumwa hakivutiki kwa urefu wala kwa upana, lakini hulegea kikivutwa kwa pembe. Kikipigwa bandi kwa mkono kwanza, huingia vizuri. Tulipojaribu kukishona moja kwa moja kwa cherehani, pembe zake nne zilikunjamana. Katika kila pembe sindano isimame ndani ya kitambaa, mguu wa kukandamizia uinuliwe, kitambaa kigeuzwe, ndipo mshono uendelee.

Vikwapa vilitoka kwenye mabaki. Kaptula nne zilizokuwa zimeachia mshono tu zilifumuliwa na kuokolewa. Ile iliyochanika ilitiwa kiraka kwa ndani kabla ya kutiwa kikwapa, na ile pana ilipunguzwa pembeni. Ya sita kati ya zile za mwanzo haikuwa na haja ya marekebisho, kwa kuwa mwenyewe ni mchezaji mvivu. Khaki yote ni mita tisa, 81,000.

Kanuni mbili zimeingia katika daftari letu kuanzia leo: hakuna vazi litakalokatwa zaidi ya moja kabla la kwanza halijachezewa, na kila mtu atapimwa akiwa amesimama, akiwa amechuchumaa, na akiwa ametanguliza mguu mmoja, vipimo vyote vitatu vikiandikwa.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: Magaguro na blauzi

Kazi hii ilikwenda haraka. Pamba tuliifuata Kampala, katika maduka ya Kiyembe ambako uchaguzi ni mkubwa kuliko Jinja, na nauli yetu yote kwa mradi huu ilikuwa 40,000. Magaguro yamekula mita kumi na nane na blauzi mita tisa, kwa 8,000 kila mita, yaani 144,000 na 72,000. Marinda hutakiwa kitambaa mara mbili ya kiuno: shona mistari miwili sambamba ya mishono mirefu, kisha vuta nyuzi za chini pamoja.

Kitambaa chekundu kilitoa rangi. Tulikiloweka katika maji ya chumvi kama wengi wanavyoshauri, lakini maji yaliendelea kuwa mekundu vilevile. Kilichosaidia ni kukifua peke yake kwa maji baridi, tena na tena, hadi maji yakawa meupe. Ufuaji huo ulitufaa kwa njia nyingine, kwani pamba ilirudi kidogo kabla ya kukatwa, na kama tungeikata ikiwa mpya, blauzi zingepanda juu ya kitovu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Chini ya mikono tulitia vikwapa tangu mwanzo, wala hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 17 Mei 2025: Lubugo

Hapa ndipo tulipokutana na kitu ambacho hakuna fundi wa nguo za kawaida aliyeweza kutufundisha. Juu ya gaguro, wanawake wetu huvaa nusu sketi ya lubugo, kitambaa chenye rangi ya udongo wa kichuguu kinachotokana na gome la mti wa mutuba. Gome huvunwa msimu wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, chini ya banda lililo wazi ili lisikauke haraka, hadi linapanuka na kulainika. Kwa Waganda kazi hiyo ni ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, wanaoongozwa na *kaboggoza*, na UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 na kuuingiza mwaka 2008 katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Tunayaeleza haya kwa sababu yanahusu sindano moja kwa moja: lubugo halikufumwa. Halina nyuzi za urefu na za upana zinazoshikana, bali ni nyuzinyuzi za gome zilizolala upande mmoja na kushikamana kwa kupondwa.

Tulinunua vipande vitatu kwa 60,000 kila kimoja. Cha kwanza tulikishughulikia kama khaki, kwa mshono mdogo uliobana, tukidhani kwamba mshono wa karibu karibu ndio imara. Matokeo yake, sindano ilitoboa matundu yaliyopangana kama ya stempu za posta, na ukanda wa kiunoni ulipovutwa, lubugo liliachana pale pale kwenye matundu, safi kabisa, kana kwamba limekatwa kwa wembe. Uharibifu ulikuwa mkubwa zaidi kwa kuwa mshono ulifuata mwelekeo wa nyuzinyuzi, ambao ndio mwelekeo wa kuchanika.

Pini nazo huacha matundu. Tulizibadilisha kwa vibanio vya kuanikia nguo, ambavyo vinashika vizuri na haviachi alama. Halafu tulifanya mabadiliko matatu kwa pamoja, na ukweli ni kwamba hatukutenganisha ni lipi lililosaidia zaidi. Lubugo lilikatwa ili nyuzinyuzi zishuke kutoka kiunoni hadi chini, mshono wa kiuno ukizikata kwa upana. Kisha nyuma ya sehemu yote ya juu tuliweka marekani iliyobaki kama bitana, tukaishikiza kwa mishono ya mkono yenye nafasi ya karibu sentimita moja, ili uzito ubebwe na marekani na lubugo liwe la kuonekana tu. Mwisho, pale palipohitaji cherehani, tulitumia mshono mrefu kuliko yote ambayo mashine inaweza, na mvutano wa uzi tukaulegeza.

Jambo jingine ni maji. Mvua ya mwezi huu ilimkuta mmoja wetu kwenye bodaboda akiwa amebeba sketi moja ndani ya mfuko uliotoboka, na pale lilipolowa, lubugo lililegea kiasi kwamba kidole kilipenya. Lilianikwa kivulini likiwa limelazwa bapa, likakauka likiwa na mikunjo, na kiraka chake kinaonekana kwa anayejua pa kutazama. Lubugo lisifuliwe, hupungwa hewa na kukung'utwa vumbi. Pasi ya makaa tuliijaribu kwenye kipande kibovu ikaacha alama nyeusi, nasi hatukuendelea nayo.

Kutoka vipande viwili vilivyobaki tulipata nusu sketi zote sita. Gharama ni 180,000, na theluthi yake ndiyo ada ya somo lile la stempu.

Jumamosi, 14 Juni 2025: Ngozi na mishipi

Katika Bakisimba jicho la mtazamaji liko kiunoni. Ngozi ya mbuzi mwenye manyoya marefu hufungwa juu ya makalio ili msogeo mdogo wa kiuno uonekane mkubwa, na inapofungwa vibaya, hata mchezaji hodari huonekana kama anatembea tu. Ngozi sita zilizokwisha kulainishwa zimegharimu 210,000.

Cherehani haiwezi ngozi. Tulivunja sindano hadi tukaacha. Fundi viatu wa sokoni alitoboa kingo zote kwa maharazi na kutufundisha kushona kwa uzi uliopakwa nta, kwa malipo ya 30,000. Lakini tatizo kubwa lilikuwa kuishikiza kiunoni. Lastiki, tuliyoipendelea kwa kuwa ingemfaa kila mtu, ilivutwa na uzito wa ngozi, na kila kiuno kilipozunguka, ngozi ilichelewa nyuma yake na kurudi baada ya pigo la ngoma kupita. Ukitaka kuona jambo hili, tazama manyoya wala usitazame ngozi: yakianza kupepea upande wa kulia wakati nyonga imekwisha kurudi kushoto, mshipi umelegea. Vifungo navyo vilikatika.

Tumerudi kwenye mshipi mnene wa maradufu yaliyokunjwa mara nne, upana wa vidole vitatu, wenye kamba ndefu zinazozunguka kiuno mara mbili na kufungwa mbele, chini ya kitovu. Ngozi imeshonwa kwenye mshipi katika sehemu yake ya katikati tu, kiasi cha shubiri mbili. Tulipoishona kwa urefu wote wa mshipi, ilikaa kama ubao. Mshipi hufungwa mchezaji akiwa amekunja magoti. Ukifungwa akiwa amesimama wima, humbana mara tu anaposhuka, naye huulegeza mwenyewe kisirisiri. Maradufu na kamba: 36,000.

Jumamosi, 5 Julai 2025: Baada ya kuvaliwa katika sherehe

Mavazi yote yamekwisha kuvaliwa katika kwanjula moja ndefu, kwenye uwanja wenye majani na jua kali. Hakuna mshono wa msamba ulioachia. Misewe iliwachubua wanaume wawili kwenye miundi, na kwa hiyo tumeshona vitambaa vya kuzungushia mguu kabla ya kuifunga, kutokana na mabaki ya khaki. Nusu sketi moja ya lubugo imeanza kulegea kwenye pembe ya kulia, mahali ambapo mchezaji ana mazoea ya kuishika anapopiga magoti. Tumeongeza bitana pale, kwani kumwachisha mazoea hayo kungechukua muda mrefu zaidi.

Jumla ya matumizi yote yaliyoandikwa hapa ni shilingi 1,314,000, ambapo cherehani na matengenezo yake ni 405,000. Kwa bei tuliyokuwa tukikodi, fedha hizo zitakuwa zimerudi katika shughuli ya nane, na cherehani itabaki. Kikundi chenye cherehani ya kuazima kihesabu 909,000 kwa watu kumi na wawili, na kitapunguza zaidi kikikata vazi moja moja.

Kinachofuata ni seti za watoto wanne walioanza kujifunza Runyege. Vielelezo vyao vitachorwa vikiwa na akiba ya sentimita nne katika upindo na mshono wa pembeni, ili kaptula ifumuliwe na kuongezwa, na watapimwa wakati wa likizo ijayo, wakiwa wamechuchumaa.